Huruma kwa Masharti: Mashabiki na Vijana Waliojeruhiwa Hadithini

Kitabu cha tano cha Harry Potter kilitoka tarehe 21 Juni 2003, baada ya wasomaji kukingoja kwa karibu miaka mitatu tangu Julai 2000, kilipochapishwa cha nne. Wengi waliokifungua kwa hamu walikutana na mvulana ambaye hawakumtambua. Harry wa miaka 15 anafoka, anawakaripia marafiki zake wa chanda na pete, anashuku kuwa kila mtu mzima anamficha jambo, na katika kurasa kadhaa maneno yake yamepigwa chapa kwa herufi kubwa tupu, jambo ambalo mashabiki walilishikilia kwa miaka mingi na kulifanya kejeli. Lawama iliyorudiwa zaidi ilikuwa kwamba amekuwa mlalamishi. Mvulana waliyempenda kwa ushujaa wake, walisema, ameharibika.

Lawama hiyo inasahau kalenda. Miaka mitatu ilikuwa ya msomaji. Kwa Harry hazikuwa zimepita hata wiki sita. Mwishoni mwa Juni alifungwa kwenye jiwe la kaburi, akakatwa kwa kisu mkononi, akamwona Cedric Diggory, mwanafunzi mwenzake, akiuawa bila kupewa nafasi ya kujitetea, kisha akaurudisha mwili wake shuleni akiwa ameukumbatia. Mwanzoni mwa Agosti, kitabu kinapofunguka, yuko nyumbani kwa dada wa mama yake, kati ya watu wasiompenda, hana wa kumsimulia, na barua za marafiki zake hazina habari kwa sababu wameagizwa wasimwambie kitu. Msomaji alikwisha kumzika Cedric, amesoma vitabu vingine, amepanda madarasa. Harry bado anaota makaburi yale usiku. Anapofoka, msomaji husikia kelele za mtu ambaye kwa hesabu yake alipaswa kuwa ameshapoa.

Kalenda ni mfano mmoja wa jambo pana zaidi. Katika jamii za mashabiki, mjadala kuhusu kijana mwenye kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha au baada ya miaka ya kutendewa vibaya, hufunguliwa karibu kila mara kwa swali moja: je, anastahili huruma? Upande mmoja huleta mateso aliyopata, upande wa pili huleta makosa aliyotenda, na mizani huwekwa katikati. Ninaamini swali hilo lenyewe ndilo kosa. Linaigeuza huruma kuwa tuzo ya mwenendo mwema, na kwa kuwa mojawapo ya kazi za kiwewe ni kuuharibu mwenendo, anayekosa tuzo huwa mara nyingi ndiye aliyeumizwa zaidi, au aliyeumizwa akiwa peke yake.

Sijui mahali ambapo jambo hili huonekana wazi kuliko katika Avatar: The Last Airbender, mfululizo wa katuni uliorushwa na Nickelodeon kuanzia 2005 hadi 2008. Ndani yake wamo ndugu wa tumbo moja, Zuko wa miaka 16 na dada yake Azula wa miaka 14, watoto wa mtawala aliyewalea kama silaha, katika ulimwengu ambamo baadhi ya watu huweza kurusha moto kwa mikono yao. Zuko anaingia hadithini akiwa adui: ana kovu kubwa usoni, ana hasira, anachoma vijiji ili amkamate mtoto anayetafutwa na ufalme mzima. Kisha, katikati ya msimu wa kwanza, tunasimuliwa kovu lilivyopatikana. Akiwa na miaka 13 alithubutu kusema katika baraza la vita kwamba si haki kuwatoa kafara askari wapya. Akaitwa kwenye pambano la heshima, akadhani mpinzani wake ni jenerali, akamkuta ni baba yake mwenyewe. Alipiga magoti, akakataa kupigana, akaomba msamaha. Baba akamchoma uso mbele ya watu na kumfukuza nchini. Tangu sehemu hiyo ilipoonyeshwa, Zuko hakuwa tena adui machoni pa watazamaji wengi. Alikuwa mtoto.

Na huruma hiyo ilivumilia mengi. Mwishoni mwa msimu wa pili, baada ya kulelewa kwa miaka mitatu ya uhamisho na baba yake mkubwa, Iroh, baada ya kuonja maisha ya kawaida na kuonekana kwamba amepona, Zuko anamsaliti mzee huyo na kurudi upande wa baba aliyemchoma. Mashabiki walimkasirikia vikali. Hata hivyo walimkasirikia kama watu wanavyomkasirikia ndugu: wakijua kwa nini, wakisubiri arudi. Walielewa kwamba kijana aliyenyimwa upendo wa baba anaweza kuukimbilia hata baada ya kuonyeshwa upendo bora zaidi, na kwamba kupona hakuendi kwa mstari ulionyooka. Huo ni usomaji mzuri, na ninautaja kwa sababu unaonyesha kuwa mashabiki wana uwezo wote unaohitajika. Suala ni kwamba wanautoa kwa mmoja na kuuficha kwa mwingine.

Kwa Azula mizani hubadilika. Naye alilelewa na baba yuleyule, katika nyumba ambamo sifa hutolewa kwa ukatili na kosa moja linatosha kumfanya mtoto asiwe na thamani. Tofauti ni kwamba yeye hakukosea, na kwa hiyo hakufukuzwa. Hakupata Iroh. Hakupata safari ndefu ya kukutana na watu wa kawaida waliounguzwa na vita vya ukoo wake. Hakupewa na waandishi sehemu nzima ya kueleza jeraha lake, bali alipewa mazungumzo mafupi kando ya moto ufukweni, katika msimu wa tatu, anaposema kwa sauti ya mtu asiyejali kwamba mama yake mzazi alimwona kuwa dubwana. Katika sehemu za mwisho, Julai 2008, marafiki zake wawili wamemwasi, baba amemwacha nyuma, na katika saa chache anawafukuza watumishi wake wote, anajikata nywele ovyo, anazungumza na taswira ya mama yake kwenye kioo na kukivunja. Tunamwacha akiwa amefungwa minyororo chini, akilia na kutapatapa huku moto ukimtoka kinywani. Ana miaka 14.

Kwa miaka iliyofuata mashabiki wamebishana kama anaweza kukombolewa, na wanaopinga huleta ushahidi wa utotoni: alikuwa mkatili kwa kaka yake na kwa rafiki zake tangu mdogo, kwa hiyo alizaliwa hivyo. Hoja hii hunisikitisha kila ninapokutana nayo. Mtoto anayekua katika nyumba ambamo ukatili ndiyo lugha ya kupendwa atajifunza lugha hiyo mapema na kwa ufasaha, hasa akiwa na akili nyepesi. Ufasaha huo ndio dalili ya malezi, lakini husomwa kama dalili ya asili. Sisemi kwamba makosa yake ni madogo. Aliwatisha, aliwatesa, alimpiga radi mtoto wa miaka 12 kwa nia ya kumuua, na hadithi haituombi tuyasahau. Ninachosema ni kwamba kuuliza kama anastahili huruma hakutusaidii kuona kilichochorwa pale kwenye kioo, yaani mtoto ambaye kila kitu alichokijenga kilitegemea hofu ya watu wengine, na hofu hiyo ilipokwisha hakubaki na kitu ndani yake cha kumshikilia.

Wapo wanaosema tofauti hii ni ya jinsia tu, kwamba hasira ya mvulana huitwa uchungu na hasira ya msichana huitwa uovu. Kuna ukweli hapo, ila haujakamilika, kwa sababu wavulana nao wana adhabu yao. Mvulana husamehewa akipiga ngumi. Akilia au akikataa kupigana, anaitwa dhaifu. Mhusika aliyebeba adhabu hiyo kuliko wote ni Shinji Ikari wa Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa Kijapani ulioongozwa na Hideaki Anno na kurushwa kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996.

Shinji ana miaka 14. Mama yake alitoweka mbele ya macho yake katika jaribio la kisayansi alipokuwa mdogo, baba akamkabidhi kwa mwalimu na kuondoka. Miaka inapita bila malezi ya baba, kisha barua inamwita; anadhani anaitwa kwa sababu anatakiwa, anafika na kuambiwa siku hiyohiyo aingie ndani ya jitu la vita apigane na kiumbe kinachobomoa jiji. Anakataa. Ndipo anapoletwa msichana wa umri wake, Rei, akiwa kwenye machela na bandeji, ili apelekwe badala yake, na Shinji anakubali. Kwa zaidi ya robo karne mashabiki wamefanya mzaha wa kijana anayekataa kupanda mtambo wake, ilhali anayeitazama hadithi kwa makini ataona kuwa anapanda karibu kila mara. Anapanda akitetemeka, anapanda akijua atasikia maumivu ya jitu lile mwilini mwake, anapanda kwa sababu amefundishwa kwamba bila kupanda hana haki ya kupendwa. Kinachowaudhi watazamaji ni kwamba haonekani kupona kwa kufanya hivyo. Hadithi nyingi za vita zimetuzoesha kuamini kwamba ushindi huponya, na Shinji anashinda tena na tena huku akizidi kuvunjika.

Linganisha mapokezi ya wasichana wawili wanaopigana pamoja naye. Rei ni mtulivu, haombi kitu, halalamiki, na alipendwa mno. Asuka ni mwenye kelele, anajisifu, anawadharau wenzake, hukataa kusaidiwa. Tunakuja kujua kwamba alipokuwa mtoto mdogo, siku alipochaguliwa kuwa rubani wa jitu kama lile la Shinji, alikimbia kwa furaha kumpelekea mama yake habari na kumkuta amejinyonga. Baada ya siku hiyo aliapa hatalia tena wala hatamtegemea mtu. Kila tabia inayowaudhi watazamaji inatoka katika kiapo kile cha mtoto. Wote wawili, Rei na Asuka, ni watoto waliotumiwa na watu wazima, lakini jeraha la mmoja limenyamaza na la mwingine linapiga kelele, na mapenzi ya mashabiki kwa muda mrefu yalifuata ukimya. Nadhani hapa ndipo penye masharti halisi ya huruma yetu. Tunampenda aliyejeruhiwa mradi jeraha lake lisitudai kitu.

Tabia hii haikuletwa na intaneti. Rosa wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka 1971, huzungumzwa mara nyingi kama funzo la msichana aliyepotoka, na kipigo alichopewa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana hutajwa kama tukio la mwanzo tu, ilhali mwandishi amekiweka pale ili yote yanayofuata yasomeke kwa nuru yake. Kilichobadilika ni kwamba zamani msomaji alihukumu akiwa peke yake au darasani, na hukumu ikaishia hapo. Siku hizi hukumu inakusanyika, inapata misemo yake, na anayeingia katika hadithi leo huikuta imekwisha kutolewa. Kijana anayeanza kuitazama Evangelion ameshasikia kwamba Shinji ni mwoga kabla hajamwona akifungua kinywa.

Ugumu huongezeka pale kijana mwenyewe anaposimulia. Holden Caulfield wa The Catcher in the Rye, kitabu cha 1951, ni miongoni mwa wasimulizi wanaochukiwa zaidi na wasomaji wa rika lake. Analalamikia shule, filamu, watu wazima, wenzake, na msomaji aliyechoka humwita mnung'unikaji mwenye maisha mazuri. Lakini tazama anavyotaja yaliyompata. Mdogo wake Allie alikufa kwa saratani ya damu Holden akiwa na miaka 13. Usiku huo alilala gereji na kuvunja madirisha yote kwa ngumi, na mpaka leo hawezi kuikunja vizuri ngumi ya mkono ule. Haya anayasema katikati ya habari ya insha ya shule aliyoombwa kumwandikia mwenzake, haraka, kisha anaendelea na mambo mengine. Baadaye, karibu kwa kupitia tu, anamtaja mvulana wa shule moja aliyejirusha dirishani baada ya kuteswa na wenzake, na mvulana huyo alikuwa amevaa sweta aliyoazimwa na Holden. Msomaji anayepima uzito wa jambo kwa idadi ya kurasa atahesabu kurasa za manung'uniko na kukosea kabisa. Msimulizi aliyeumizwa hutumia maneno mengi kwa yale anayoweza kuyasema, na kwa yale asiyoweza hutumia sentensi moja.

Katniss Everdeen wa mfululizo wa The Hunger Games naye alipoteza mashabiki katika kitabu cha tatu, Mockingjay, kilichotoka 2010, na kwa sababu inayofanana na hiyo. Katika kitabu cha kwanza, cha 2008, ana miaka 16 na anajitolea kuingia katika mapambano ya kifo badala ya mdogo wake. Ni mwindaji, ana shabaha, anafikiri haraka. Katika cha tatu anajificha makabatini, amevishwa bangili ya hospitali inayosema akili yake imevurugika, na matukio makubwa ya vita yanamtokea akiwa amelala au amezirai. Wasomaji wengi walilalamika kwamba mwandishi amemwondoa shujaa wao. Suzanne Collins, ambaye baba yake alipigana Vietnam naye akiwa mtoto mdogo, alikuwa ameandika hadithi ya vita, na katika hadithi ya vita msichana wa miaka 17 aliyeua, aliyeona watoto wakiuawa, na aliyetumiwa na pande zote mbili hawezi kubaki na shabaha ileile. Kwa kuwa anasimulia kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo, hatuna mahali pengine pa kusimama. Akijificha, nasi tumo kabatini. Uchovu alioupata msomaji ulikuwa ni sehemu ya kile alichopewa kusoma, na wengi waliuchukua kuwa kasoro ya uandishi.

Katika miaka ya karibuni mashabiki wamepata njia nyingine ya kuwatetea wahusika hawa, nayo ni ya kitabibu. Badala ya kuuliza kama Harry ni mlalamishi, wanasema ana maradhi ya msongo baada ya kiwewe, hali iliyoingizwa rasmi katika mwongozo wa matibabu ya akili wa Marekani mwaka 1980. Wanaomtetea Azula au Asuka hutumia istilahi mpya zaidi, kiwewe changamani, iliyotambuliwa katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, ambayo dalili zake ni pamoja na kushindwa kuzitawala hisia, kujiona huna thamani, na ugumu wa kudumisha uhusiano na watu. Ninakiri kwamba maarifa haya yamesaidia sana. Mtaalamu wa akili Lenore Terr, aliyewachunguza watoto 23 kati ya 26 waliotekwa ndani ya basi la shule huko Chowchilla, California, Julai 1976, alikuja kutofautisha kiwewe cha tukio moja na kile cha matukio yanayorudiwa, na miongoni mwa alama za aina ya pili alitaja kukana, kufa ganzi na hasira. Hasira imo katika orodha ya kitabibu, pamoja na dalili nyingine. Shabiki aliyelijua hilo hawezi tena kuitumia hasira ya Azula kama ushahidi wa kwamba hakuumizwa.

Hata hivyo utetezi huu nao hukwama, kwa sababu huendelea kulijibu swali lilelile. Ukishathibitisha ugonjwa, mhusika amepata cheti, na mjadala hufungwa. Kila tendo lake linakuwa dalili, naye mwenyewe hatendi tena. Nimesoma chambuzi ambazo zinamtoa Zuko katika usaliti wake kwa kuutaja ugonjwa wake, na ninaona zinamnyang'anya kitu kikubwa kuliko zinachompa, kwa kuwa uzuri wa habari zake ni kwamba alichagua vibaya, akajua amechagua vibaya, na akarudi kupiga magoti katika hema la Iroh akiwa na la kujutia. Mgonjwa asiye na uchaguzi hana la kujutia. Kijana wa hadithi anaweza kuwa ameumizwa na pia kuwajibika, kwa wakati mmoja, katika sentensi moja, na kazi ya msomaji ni kuyashika yote mawili bila kuliacha moja lianguke.

Wanaofanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni mashabiki wanaoandika hadithi zao wenyewe. Kabla ya intaneti, katika majarida ya miaka ya 1970 ya mashabiki wa Star Trek, mfululizo wa televisheni kuhusu safari za angani, kulikuwa na utanzu mzima ambamo mhusika anaumizwa na mwenzake anamuuguza, na utanzu huo unaendelea hadi leo katika hifadhi za mtandaoni za hadithi za mashabiki kama Archive of Our Own, iliyofunguliwa 2009 na kupewa 2019 Hugo, tuzo ya fasihi ya kubuni ya kisayansi. Wanaoudharau husema ni anasa ya kufurahia mateso. Mimi naona ni malalamiko yaliyoandikwa kwa njia ya simulizi: hadithi asili ilimwacha mtoto huyu bila mtu, nasi hatukubali. Harry aliporudi kutoka makaburini, nani alikaa naye katika wiki zile sita? Mwandishi hakumweka mtu pale, na maelfu ya mashabiki wamejaribu kumweka.

Udhaifu wa utanzu huo ni kwamba mara nyingi faraja hufika kwa wakati na kupokelewa. Mhusika hulia penye kulia, hukumbatiwa, hulala usingizi mwema, na asubuhi anaanza kuwa mtu mwingine. Hiyo nayo ni huruma yenye masharti, kwa sababu aliyejeruhiwa anatakiwa aikubali ili hadithi ifike mwisho. Zilizo bora huachana na mpango huo. Humwacha Asuka amtukane anayemletea chakula, humwacha Zuko arudi nyuma hatua mbili baada ya kusonga moja, na yule anayemuuguza hulazimika kuamua kama ataendelea kuja ilhali hatashukuriwa. Katika hadithi hizo mtihani huwa ni wa anayehurumia, na mwenye jeraha huachwa awe alivyo.

Jambo moja zaidi huwabadilisha mashabiki kuliko hoja yoyote, nalo ni umri. Mhusika habadiliki, anayemtazama hukua. Niliposoma kitabu cha tano cha Harry kwa mara ya kwanza nilikuwa karibu na umri wake na sikumvumilia. Nilipokirudia nikiwa mtu mzima niliacha kumtazama yeye na kuanza kuwatazama watu wazima waliomzunguka, jinsi kila mmoja alivyokuwa na sababu nzuri ya kutomwambia ukweli, na jinsi sababu hizo nzuri zilivyojumlika kuwa ukatili. Nimewasikia wengi wakisimulia mabadiliko kama hayo kuhusu Shinji. Hadithi yenyewe iliyaweka mabadiliko hayo kwenye skrini: katika filamu mpya za Evangelion, miaka 14 inapita duniani bila miili ya marubani kukua, na katika filamu ya 2021 Shinji anawakuta waliokuwa wanafunzi wenzake wakiwa watu wazima, mmoja wao ameshaoa na kupata mtoto, ilhali yeye bado ana mwili wa miaka 14. Amenyamaza, hataki kula, hasemi, ameketi peke yake kwenye magofu. Wenzake wa zamani hawamuulizi kama anastahili. Wanampa nafasi, na chakula kinaendelea kuletwa hadi siku anapokila akilia. Mtazamaji aliyemcheka mwaka 1996 alikuwa sasa ana umri wa wale waliokuwa wakisubiri.

Katika mijadala hii wamo pia wasiozungumzia mhusika tu, na hili huniwia zito kuliko yote. Kijana anayesoma kwamba Azula alizaliwa dubwana huenda aliwahi kuambiwa maneno hayo nyumbani. Anayesoma kwamba Asuka hastahili kuhurumiwa kwa sababu ni mkali huenda naye ni mkali, na anajua ukali wake ulianzia wapi. Mashabiki wanaobishana usiku kucha kuhusu mtoto asiyekuwepo wanasikilizwa na watoto waliopo, wanaojifunza kutoka kwa mabishano hayo ni jeraha la aina gani linaloruhusiwa kuonekana. Hilo halimzuii mtu kumchukia mhusika. Linatudai tu tujue tunachokipima tunapompima.

Azula ana mwendelezo ambao wengi walioishia kwenye katuni hawajausoma. Katika vitabu vya michoro vilivyotoka 2013 anasafiri na kaka yake kumtafuta mama yao, na wanampata akiwa amebadilishwa sura na kufutiwa kumbukumbu, mwanamke mpole mwenye familia nyingine, asiyemjua binti aliyesimama mbele yake na moto mkononi. Mama huyo, bila kukumbuka lolote, anamwambia kwamba kama ni kweli alikuwa mama yake, anamwomba radhi kwa kutompenda vya kutosha. Kwa muda mfupi uso wa Azula unabadilika. Halafu anakimbilia msituni, na kaka yake anabaki akimwita. Mashabiki wengi waliuona mwisho huo haujakamilika, wakitaka ama akumbatiwe au ashindwe. Mimi nimeurudia ukurasa ule mara nyingi. Neno alilolisubiri tangu utotoni limesemwa na mtu asiyemkumbuka, na msichana huyo, ambaye hajawahi kufundishwa la kufanya na neno kama hilo, anakwenda nalo msituni.